Bia ya siku 28, kati ya zamu na zamu

Mdogo wangu aliponiambia mtoto wake anabatizwa mwishoni mwa Machi, nilihesabu siku kwenye kalenda ya jikoni: 28. Kwetu Kilema, Kilimanjaro, ubatizo bila pombe iliyopikwa nyumbani ni ubatizo nusu, na mama ndiye aliyekuwa akipika mbege ya ukoo, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Hapa Minneapolis sina mgomba wala gome la msesewe la kuitia uchungu, na nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee, zamu tano kwa wiki. Nikaamua kupika bia ya shayiri, mara yangu ya kwanza.

Wenzangu mnaobanwa na zamu, bia haidai saa nyingi za mikono. Inadai siku nyingi za kuachwa. Mikono yangu ilihitajika Jumapili moja kwa saa nne, na asubuhi nyingine kwa saa mbili hivi.

Saa nilizookoa ni za kimea. Ukikisaga na kukiloweka mwenyewe, nusu siku imekwenda. Mimi nilinunua unga wa utamu wa kimea uliokwisha kukamuliwa na kukaushwa, kilo 2.7 kwa lita 19. Nilichemsha lita 10 tu kwa saa nzima, hopsi (maua ya kuitia bia uchungu) gramu 30 mwanzoni na kidogo mwishoni, kisha nikajaliza kwa maji baridi. Kabla hopsi hazijaingia, jiko zima lilinuka togwa. Nilisimama pale na mwiko mkononi nikamkumbuka mama.

Kupoza kulinifundisha kitu. Niliiweka sufuria nje kwenye theluji, nikaona haipoi upesi, kwa sababu theluji imejaa hewa na hewa haibebi joto vizuri. Niliporudi ndani na kuizamisha kwenye beseni la maji na barafu, nusu saa ilitosha. Iliposhuka hadi nyuzi 20 nikamwaga hamira, nikafunika ndoo, nikaenda kazini.

Usafi ndio usioruhusu njia ya mkato. Chochote kinachogusa pombe baada ya kuchemka kipite kwenye dawa ya kuua vijidudu: mpira, kijiko, kifuniko, hata mikono yako. Mama hakumruhusu mtu yeyote kuchovya kata yake kwenye pipa la mbege, na sasa namwelewa zaidi.

Siku ya 6 mapovu yalitulia, nami nilikuwa na mapumziko siku hiyo. Nilitamani sana kujaza chupa, maana mapumziko mengine yalikuwa mbali. Nikapima kwanza kwa haidromita, kifaa ambacho namba yake hushuka kadiri hamira inavyokula sukari: 1.018. Siku tatu baadaye, 1.012. Siku ya 12 bado 1.012, ndipo nikajua hamira imemaliza. Ningejaza siku ile ya 6, sukari iliyobaki pamoja na gramu 120 ninazotia ili bia itoe povu zingezipasua chupa, na nyumbani kuna watoto. Kwa hiyo niliamka mapema baada ya zamu nikazijaza siku ya 13. Zikakaa wiki mbili kwenye kabati lenye joto la kawaida la nyumba, kisha usiku mmoja kwenye friji.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1978 inamruhusu mtu mzima kupika galoni 100 kwa mwaka kwa matumizi ya nyumbani, karibu lita 380. Kuuza hairuhusu. Kwa hiyo tunywe kwenye sherehe zetu, lakini usipokee hela ya mtu.

Siku ya ubatizo nilimpigia mama kwa video, nikamwonyesha povu kwenye glasi. Aliuliza imekaa siku ngapi. Nilipomwambia, alishangaa: "Wiki nne? Mbege ingekuwa siki mwanangu!" Kisha akauliza kama huku kuna ulezi.

Upo, kwenye maduka ya Wahindi. Nimenunua kilo mbili, nimeziloweka jana usiku kabla ya zamu, na sasa zimelala kwenye kitambaa kibichi zikisubiri kuota.