Namba tasa iliyoniharibia hesabu ya korosho

Jana programu niliyoiandika ya ghala la korosho ilifika gramu 2,147,483,647, kisha ikarukia hasi. Kosa ni langu, nilitenga biti 32 tu (nafasi 32 za 0 au 1, moja ikiwa ya alama ya hasi) za kuhifadhi namba, na hiyo ndiyo kubwa kabisa inayoingia humo (na nani alinituma kupima korosho kwa gramu?).

Ila namba yenyewe ni tamu. Ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1, na ni tasa. Mwanahisabati Euler alishalithibitisha hilo kufikia 1772, kwa mkono! Alijua namba tasa yoyote ya kuigawanya, nayo ikigawanywa kwa 248, lazima ibakize 1 au 63. Kipeuo chake cha pili hakifiki 46,341, na hakuna haja ya kujaribu zaidi ya hapo, kwa hiyo za kujaribu ni chache: 311, halafu 1,303... Nimejaribu 311 kwa kalamu. Ikabaki 35. Nikaenda kulala.