Wembe wa Solingen, mpini wa mpingo

Wembe wa kukunja nilioachiwa na babu, wenye mhuri wa Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe, umerudi kazini hapa Moshi. Mpini wake wa awali ulikuwa umepasuka, na bapa lilikuwa limeshika kutu karibu na egemeo, yaani pini ambayo bapa hujikunjia. Kutu niliiondoa kwa msasa wa maji, kuanzia namba 400 hadi 2000, kwa mkono tu, kwa sababu mashine hupasha moto chuma chembamba na kukiondolea ugumu, na wembe uliopoteza ugumu haushiki makali tena.

Kazi iliyonipendeza zaidi ni mpini. Nilichagua mpingo, masalio ya fundi wa vinyago, mti mzito kiasi cha kuzama majini na unaomaliza meno ya msumeno bila huruma. Vibao viwili nilivichonga kwa tupa hadi unene wa milimita 3 hivi, nikavitoboa vikiwa vimebanwa pamoja ili matundu yalingane, kisha nikaviunga kwa pini za shaba nilizozigonga taratibu kwa nyundo ndogo. Kwenye ncha ya mpini, kati ya vibao viwili, hukaa kabari nyembamba, ambayo kwa maoni yangu hudharauliwa mno, ilhali ndiyo inayoamua kama wembe ukifungwa utaingia katikati au utagusa mti na kuharibika makali.

Niliunoa kwa jiwe la namba 1000, kisha 8000, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, halafu nikaupitisha kwenye mkanda wa ngozi. Unanyoa vizuri, ingawa kidevu bado ninamwachia kinyozi.