Nyigu wa New Mexico, na picha aliyonitumia shemeji

Ukihamia New Mexico, jimbo la Marekani, wenyeji watakuonesha mapema, tena kwa majivuno, nyigu mkubwa anayewinda tarantula, wale buibui wa jangwani wenye manyoya. Tangu 1989 ndiye mdudu rasmi wa jimbo. Wanafunzi wa shule ya msingi ya Edgewood, mashariki mwa Albuquerque, walipendekeza wadudu watatu, kura zikapigwa mashuleni jimbo zima, huyu akashinda. Wangeweza kujichagulia kipepeo yaishe, lakini watoto ni watoto.

Ni mweusi wa kung'aa anayeelekea bluu, mabawa rangi ya kutu, na wakubwa wao hufika sentimita 5. Nilimwona kazini Julai, baada ya mvua, kwenye njia ya miguu chini ya milima ya Sandia. Jike alikuwa akimburuta buibui mzito kuliko yeye mwenyewe, anarudi kinyumenyume. Akikwama kwenye jiwe anamwachia, anamzunguka, anashika mguu mwingine, anavuta tena. Watu tulisimama kumpisha.

Buibui yule hakuwa amekufa. Amedungwa sumu, kapooza. Nyigu humtia shimoni, humtagia yai moja tumboni, kisha hufukia. Buu likianguliwa linamla taratibu, viungo vya uhai likiviacha mwisho ili nyama isioze. Buibui mkubwa hutagiwa yai la jike, mdogo la dume. Mama mwenyewe hali nyama hata kidogo, anakunywa nekta ya maua tu.

Sasa swali ambalo kila mgeni huniuliza: anauma? Jike, ndiyo. Justin Schmidt, mtaalamu wa wadudu wa Arizona, alipanga maumivu ya miiba ya wadudu kwa daraja 1 hadi 4, na huyu akampa 4. Maumivu hudumu dakika chache tu, na ushauri wa Schmidt ulikuwa ulale chini upige kelele, maana ukikimbia ovyo utajiumiza zaidi. Ila hana ugomvi na mtu. Usimkanyage, usimshike, basi.

Shemeji yangu yuko Ohio, huko kwenye misitu, na wiki iliyopita alinitumia picha WhatsApp: "Shem, huyu ana mwiba mrefu kuliko mwili wake, nihame nyumba?" Nikacheka. Ni Megarhyssa, nyigu wa ukoo wa ikineumoni, ambao mabuu yao hula wadudu wengine wangali hai, yuko juu ya gogo bovu la mti. Kile kirefu ni mrija wa kutagia mayai. Anapapasa gome kwa papasi zake, akigundua ndani kuna buu la mdudu mtoboa mbao anakunja tumbo juu kama upinde, anazamisha mrija kwenye mti, anataga humo. Mtu hamgusi.

Ukoo huo ulimsumbua hata Charles Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya mageuko. Mwaka 1860 alimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard, kwamba hawezi kuamini Mungu mwema aliwaumba kwa makusudi waje kula viwavi wangali hai. Mimi hapo siingii, nina wachungaji wawili kwenye familia.

Nilimwambia shemeji gogo aliache, nyigu anategemea mabuu ya humo. Akajibu kwamba dada yangu ameshamwita mtu wa msumeno, anakuja Jumamosi.