Nilivyochagua replika ya Speedster nikaacha orijino

Mi naishi Leicester, Uingereza, na gari nililokua nalitaka toka kitambo ni Porsche 356 Speedster, ile ya wazi yenye kioo kifupi cha mbele. Orijino siku hizi inaenda mamia ya maelfu ya dola, na kinachoniuma ni kwamba ilitengenezwa iwe ya bei nafuu. Max Hoffman, aliyekua anaingiza Porsche Marekani, ndo aliomba gari jepesi lisilo na mbwembwe, ikatoka 1954 ikauzwa chini ya dola 3,000.

Kuna mzee nafahamiana nae ana orijino. Winta haitoi kabisa maana barabara zinamwagwa chumvi na bodi yake ni chuma, kutu inaanzia sakafuni na pale betri inapokaa mbele, halafu injini lazima ibaki ileile ya kiwandani yenye namba yake, ukiibadilisha tu thamani inashuka. Namheshimu sana, bila watu kama yeye hayo magari yangeshaisha. Ila mi nataka gari la kuendesha, mpaka sokoni niende nalo, ndo nikaamua replika, yaani gari la kuiga.

Replika nyingi ni bodi ya faiba juu ya sakafu (ndo chesisi yenyewe) ya Volkswagen Beetle iliyokatwa kama sentimita 30 hivi, kwasababu Beetle toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,400 na 356 ni 2,100. Na wanaosema feki wakumbuke 356 ya kwanza kabisa, 1948, ilijengwa kwa spea za Volkswagen, na Beetle yenyewe aliichora Ferdinand Porsche, kwahiyo ni ukoo mmoja. Hata nguvu hazipishani sana, Speedster 1500 ya kawaida ilikua na farasi 55, Beetle 1600 ina 50.

Kwenye kutafuta, kikubwa nilichoangalia ni pale sakafu ilipoungwa. Gari linapandishwa juu, unapita na tochi welding yote, halafu unafungua na kufunga milango, ikigoma kukaa sawa ujue chesisi imepinda, achana nalo. Cha pili karatasi. Huku mpaka 2025 ukishakata chesisi gari lilitakiwa lipite ukaguzi wa IVA (wa gari moja moja kuona kama ni salama) na kupewa namba ya Q, ile ya magari yaliyojengwa upya, sasa moja nililipenda kweli rangi na kila kitu, ila logbuku inasoma Beetle tu kama vile halijaguswa, nikaondoka. Nililonunua lina namba ya Q na risiti za aliyelijenga.

Matunzo hayanisumbui, nimekulia Moshi na baba mdogo alikua fundi wa Beetle. Tapeti, yaani uwazi wa vali, napima injini ikiwa baridi, milimita 0.15, oili lita mbili na nusu, na kwakua haina filta, ni kachujio ka wavu tu, namwaga kila kilomita 5,000. Spea zipo kibao na bei sio mbaya, Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 bana.

Bima ndo usifanye haraka. Waambie wazi ni replika na imejengwa kwa kutumia nini, kisha mkubaliane thamani kabisa kabla hujalipa, uwatumie picha na risiti, maana wakiachwa wenyewe watakukadiria bei ya Beetle kuukuu.