Nilivyoamua mawasiliano ya kuweka kwenye kadi yangu ya biashara

Nilipoanza kujitegemea kama mhariri na mpangaji wa kurasa za vitabu, kadi ya biashara ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza nilivyotaka kuwa navyo. Fonti na rangi nilizichagua haraka, maana hiyo ni kazi yangu ya kila siku. Kilichonichukua muda ni ile mistari michache ya chini: niweke namba gani ya simu, barua pepe ipi, anwani ya nyumbani iwepo au isiwepo, mitandao ya kijamii mingapi. Mwajiriwa hana kazi hii. Ofisi humpangia kila kitu, na hata akiondoka, atakayepiga simu atapokelewa na mwingine. Anayejitegemea ndiye mapokezi, ndiye mkurugenzi, ndiye mhasibu, na mara nyingi namba anayoongelea na wateja ndiyo hiyohiyo anayoongelea na mama yake.

Nafasi yenyewe ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Nilichagua kipimo cha milimita 85 kwa 55, ambacho kinakaribiana sana na kadi ya benki na hivyo huingia kwenye mfuko wowote wa pochi. Marekani hutumia 89 kwa 51, Japani 91 kwa 55. Ukiacha milimita 5 kila upande ili kisu cha mchapaji kisile maandishi, unabakiwa na 75 kwa 45, na humo lazima liingie jina, kazi unayofanya, na mawasiliano. Mtu anaweza kujaza mistari kumi kwa herufi ndogo sana, ila mimi sikutaka kushuka chini ya pointi 8, kwa sababu wengi wanaonipa kazi ni watu wa kuvaa miwani.

Nilichofanya kwanza ni kuandika kwenye karatasi njia zote ambazo mtu angeweza kunipata. Zilikuwa nyingi: laini mbili za simu, WhatsApp, Telegram, barua pepe ya zamani na mpya, tovuti, LinkedIn, Instagram, Facebook, anwani ya nyumbani, sanduku la posta. Kisha kila moja nikaiuliza swali lilelile: mtu nisiyemjua akinitafuta kwa njia hii Jumatatu asubuhi, nitauona ujumbe wake na kumjibu kabla siku haijaisha? Telegram ikafutika hapohapo. Facebook nayo, kwa kuwa naifungua pale tu ndugu anapoweka picha za harusi. Sanduku la posta naliangalia nikikumbuka.

Baada ya hapo nikarudi kwenye kazi nilizokwisha kuzipata na kutazama kila mteja alianzaje kuwasiliana nami. Picha ilijitokeza yenyewe. Wenye miswada mirefu walianza kwa barua pepe, kwa sababu walikuwa na faili ya kuambatisha na maelezo ya kutoa. Wenye haraka walipiga simu au kutuma ujumbe wa WhatsApp. Hakuna aliyekuja kwa njia nyingine bila kuletwa na mtu. Zoezi hili nalipendekeza kwa yeyote ambaye tayari ana wateja, hata wachache. Linakata maneno haraka kuliko ushauri wa marafiki, ambao kila mmoja atakwambia uweke mtandao anaoupenda yeye.

Simu ndiyo niliyoifikiria zaidi. Nilikuwa na namba ya miaka mingi, iliyounganishwa na benki, na ambayo hupokea zile namba za siri za mara moja ninapoingia kwenye akaunti zangu. Kadi ya biashara huishia mikononi mwa watu usiowachagua: inaachwa mezani, inapigwa picha, inapitishwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Wizi wa kuhamisha namba, ambapo tapeli hujifanya wewe na kuishawishi kampuni ya simu iihamishie namba yako kwenye laini aliyo nayo yeye, huanza kwa kuijua namba na jina la mwenye nayo. Kadi inampa vyote viwili pamoja. Ndiyo maana niliona namba ya benki isitoke nyumbani. Nikachukua laini ya pili kwa ajili ya kazi tu, nikaiweka kwenye simu ileile, kwani simu nyingi siku hizi hubeba laini mbili.

Laini hiyo nikaifungulia WhatsApp Business, programu ya bure iliyotoka mwaka 2018, ambayo hukaa kwenye simu moja na WhatsApp ya kawaida mradi namba ziwe tofauti. Unaweza kupanga saa za kazi na ujumbe wa kujibu wenyewe ukiwa haupo. Kwangu hili lilikuwa na uzito mkubwa, maana mtu aliyezoea kuandikia wateja saa nne usiku hawezi tena kuwakatalia. Sasa mteja akiniandikia usiku anapata jibu la kistaarabu kwamba nitamsoma asubuhi, nami nalala.

Laini ya pili ina sharti lake, na inafaa kulijua kabla hujaichapisha. Kampuni za simu hufunga namba isiyotumika kwa muda fulani na baadaye kumpa mtu mwingine. Kadi inaweza kukaa kwenye droo ya mtu miaka mitatu kabla hajaihitaji, na ukiwa umeiacha laini ife, atampigia mtu baki kabisa. Kwa hiyo niliiweka kwenye kalenda: kila mwezi laini ya kazi iwe na salio na itumike.

Namna ya kuiandika namba nayo ina utaratibu wake. Nimeandika alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba bila ile sifuri ya mwanzo, nikiacha nafasi katikati ya mafungu. Alama ya kujumlisha inasimama badala ya kiambishi cha kupigia nje ya nchi, ambacho kwa wengi ni 00 na kwa Wamarekani ni 011; simu ya mkononi huielewa popote ilipo. Wapo wanaoandika msimbo wa nchi na kufuatisha sifuri kwenye mabano. Mimi siupendi mtindo huo hata kidogo. Mgeni hajui aipige hiyo sifuri au airuke, na akiipiga baada ya msimbo, katika nchi nyingi simu haipiti. Mafungu nayo husaidia macho na ulimi. Namba iliyogawanywa kwa tatutatu mtu huisoma kwa sauti bila kupotea njiani. Chini yake nimeandika “Simu na WhatsApp”. Namba moja haihitaji kuandikwa mara mbili.

Kwenye barua pepe, niliamua kuachana na anwani ya bure na kuwa na domeni yangu mwenyewe, yaani jina langu la intaneti linalokaa baada ya alama ya @ na kwenye anwani ya tovuti. Wengi hulieleza hili kama suala la kuonekana makini, na ni kweli kiasi. Ila kwangu sababu kubwa ilikuwa umiliki. Nikichoka na kampuni inayonihifadhia barua, nahamia nyingine na anwani inabaki ileile, kadi zote zilizotawanyika zikiendelea kufanya kazi. Gharama yake ni kwamba domeni hulipiwa muda kwa muda, kwa kawaida kila mwaka, na ikiisha bila kulipiwa mtu mwingine anaweza kuisajili. Akishaisajili, barua zinazoandikwa kwako anaweza kuzipokea yeye. Domeni yangu imesajiliwa kwa jina langu mwenyewe, si la fundi aliyenitengenezea tovuti, na malipo yanajikata yenyewe.

Halafu ikaja sehemu ya mbele ya ile alama ya @. Nilikuwa na machaguo matatu: jina na ukoo vikitenganishwa na nukta, jina na ukoo vikiwa na kistari katikati, na jina la kwanza pekee. Nilimpigia dada yangu simu, nikamsomea moja baada ya nyingine mara moja tu, nikamwomba aandike alichosikia na kunitumia picha. Ile ya kistari aliiandika na mstari wa chini. Ile ya nukta aliiandika sawa, ila aliniuliza mara mbili kama nukta ni alama au ni neno. Jina la kwanza peke yake aliliandika bila kuuliza chochote. Nikachukua hilo. Nilifurahi pia kwamba halina tarakimu wala herufi zenye utata, kwa sababu kwenye fonti nyingi zisizo na mikia, I kubwa na l ndogo hufanana kabisa, na sifuri na O hazina tofauti kubwa. Kama jina lako lina herufi hizo, badilisha fonti ya mstari huo hata kama inakuuma kisanii.

Anwani ya nyumbani sikuiweka. Nafanyia kazi nyumbani, watoto wapo, na mteja hana sababu ya kuja. Anayehitaji anwani kwa ajili ya mkataba au kutuma vitabu anaipata kwenye ankara. Mahali pake nimeweka mji na nchi tu, ili mtu aliye mbali ajue saa zangu na aliye karibu ajue tunaweza kukutana. Ningekuwa fundi cherehani au mpiga picha mwenye studio, ningefanya kinyume: anwani ingekuwa mstari wa kwanza.

Mitandao ya kijamii ilipungua hadi sifuri, na hapo rafiki yangu mchoraji alinipinga sana. Kwake Instagram ndiyo duka. Kazi zake zote zipo pale, na kadi yake bila jina la akaunti ile ingekuwa haina kichwa. Ana haki. Uhariri hauonekani kwa picha. Mimi nimeweka tovuti, yenye orodha ya vitabu nilivyofanyia kazi na kiungo cha LinkedIn kwa anayetaka. Kwenye kadi imeandikwa bila “https://” na bila “www”, baada ya kuhakikisha kwamba inafunguka vizuri hivyohivyo.

Msimbo wa QR niliufikiria kwa makini, kwa sababu watu huuweka kwa mazoea. Uligunduliwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani, na kwa kazi ya kuhamisha maelezo kwenye simu bila kuandika unafaa kweli. Swali ni uweke nini ndani. Ukiweka maelezo yako yote kwa mfumo wa vCard, yaani kadi ya mawasiliano ya kidijitali ambayo simu huielewa, mtu anaskani na kuhifadhi hata bila intaneti. Lakini kadiri maandishi yanavyoongezeka ndivyo vijimraba vinavyozidi kuwa vingi na vidogo, na kwenye eneo la sentimita 2 kamera hafifu huanza kushindwa. Ukiweka kiungo kifupi, vijimraba vinakuwa vichache na vikubwa.

Nilichagua kiungo, kinachoelekea kwenye ukurasa ulio ndani ya domeni yangu, na pale mtu anapakua mawasiliano yangu. Nikibadilisha namba kesho, nahariri ukurasa na kadi za zamani bado zinaleta taarifa sahihi. Kuna huduma zinazokutengenezea msimbo unaopitia kwanza kwenye tovuti yao, ili uweze kubadilisha mwisho wa safari wakati wowote. Nyingi hudai ada, na ukiacha kulipa msimbo unaweza kufa ukiwa tayari umechapwa kwenye mamia ya kadi. Kama una domeni, huwahitaji. Nilikuta pia kwamba msimbo unahitaji ukingo mweupe wa upana wa vijimraba 4 kila upande, na kwamba mchapaji akiubana kwa ajili ya urembo ndipo simu zinapoanza kuhangaika. Niliuchapa kwa kipimo halisi, nikaujaribu kwa simu ya zamani yenye kioo kilichochubuka, chumbani, taa ikiwa hafifu. Ulisomeka.

Hata hivyo msimbo upo nyuma ya kadi, na mbele kila kitu kimeandikwa kwa maneno. Si kila mtu atainua simu kuskani, na msimbo haumwambii mtu mimi ni nani mpaka aufungue. Kwa sababu hiyohiyo nimeandika kazi yangu waziwazi chini ya jina: “Mhariri wa vitabu na mpangaji wa kurasa”. Mtu akiikuta kadi yangu baada ya mwaka, sura yangu ameisahau, mstari huo ndio utakaomfanya apige.

Upande wa nyuma sikuutia laminesheni. Karatasi ya kung'aa haishiki wino wa kalamu, nami napenda kuandika pale tarehe na jina la kazi tuliyozungumzia kabla sijamkabidhi mtu.

Mchapaji aliponiletea nakala ya majaribio, sikuilinganisha na faili kwenye kompyuta. Nilipiga namba nikiisoma kwenye karatasi, nikatuma barua pepe kwa kunakili herufi moja moja kutoka kwenye kadi, nikaandika anwani ya tovuti kwa mkono, nikaskani msimbo. Simu iliita mfukoni, barua ikaingia, kurasa zote mbili zikafunguka. Nikamwambia achape, idadi ndogo kabisa anayoikubali.