Kuongeza RAM kwenye kompyuta ya mwaka 2012: nilivyofikia uamuzi

Kompyuta ninayotumia kuandikia hesabu za chama chetu cha msingi cha wakulima wa kahawa, hapa Moshi, ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, yenye prosesa ya Core i5-3470 na RAM, yaani memori ya muda ya kufanyia kazi, ya GB 4. Kwa muda mrefu ilinitosha kabisa. Msimu huu, kila ninapofungua orodha ya wakulima kwenye Excel pamoja na barua pepe na WhatsApp ya kwenye kivinjari, inakwama kiasi kwamba naandika kilo za mtu na tarakimu zinajitokeza baadaye, moja moja. Mkulima akiwa amesimama anasubiri stakabadhi yake, hilo si jambo dogo.

Mafundi wengi watakuambia uongeze RAM, na mara nyingi ushauri huo ni sahihi, lakini naamini mtu asitoe fedha kabla ya kuitazama mashine ikiwa katikati ya kazi yake ya kila siku. Nilifungua kila ninachokitumia, kisha Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha mashine inavyotumika, nikaangalia memori na diski kwa pamoja. Memori ilikuwa imejaa karibu yote, na diski, ambayo bado ni ile ya zamani inayozunguka, ilisoma asilimia 100 hata wakati ambapo sikuwa nahifadhi faili lolote. Mambo hayo mawili yameshikana: RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na diski ya aina hiyo hupitisha takriban MB 100 hadi 150 kwa sekunde, ilhali kipande kimoja cha DDR3-1600, aina ya RAM ya mashine hii, kinaweza kufikia GB 12.8 kwa sekunde. Laiti memori ingekuwa na nafasi huku diski ikihangaika, RAM mpya isingenisaidia, na dawa ingekuwa SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka.

Lililonisumbua zaidi ni kama mashine hii bado inastahili kugharamiwa. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha tatu kama hii yangu haimo katika orodha rasmi ya Windows 11. Isitoshe, DDR3 haitaingia kwenye kompyuta nitakayonunua baadaye, kwa kuwa kipande chake kina pini 240, cha DDR4 kina 288, na hata pengo lake limekatwa mahali tofauti. SSD ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski), kwa upande wake, naweza kuihamisha. Ndiyo maana niliona RAM inunuliwe kwa kiasi cha kuitosha kazi ya sasa, ingawa ubao mkuu unapokea hadi GB 32, na akiba ielekezwe kwenye SSD.

Fundi alikuwa na mawazo mengine. "Mama, weka kumi na sita kabisa, utasahau habari ya kukwama," alinishauri. Nilimjibu, "Mwanangu, nane zinanitosha, nipatie mbili za nne nne zinazofanana." Vipande viwili vinavyolingana hufanya kazi kwa jozi, na hilo huongeza kasi ya mawasiliano na prosesa. Tulivipata vya mtumba. Hapo ndipo panapohitaji macho, kwa sababu RAM za seva huuzwa kwa bei nafuu, zina umbo lilelile, lakini zile zenye rejista, yaani chipu ya ziada kati ya memori na prosesa, haziwaki kwenye kompyuta kama hii. Windows nayo iwe ya biti 64, kwani ya biti 32 haivuki GB 4.

Alipuliza vumbi, akafuta miguu ya dhahabu ya kila kipande kwa kifutio, kisha akakandamiza mpaka vishikizo vya pande zote mbili vikajifunga vyenyewe. Kabla ya kulipa niliomba tuendeshe Memtest86+, programu ya kupima RAM, hadi imalize mzunguko mzima, na fundi akakubali bila kinyongo.

Sasa Excel na kivinjari vinafanya kazi pamoja bila kusuasua, na diski hutulia nikishafungua ninachohitaji. Kuwaka asubuhi bado kunachukua muda, kwani hilo ni la diski. SSD nitainunua msimu ukiisha, na nitakapoiweka nitajaribu Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, juu yake, baada ya kunakili hesabu zote kwenye diski ya nje.