Chaki ndo ilinifundisha tensa

Test ya kwanza ya tensa nilipata 11 kati ya 40, na wala sikuonewa. Swali la kwanza tu nilikuwa nimeandika aᵢⱼbᵢⱼcᵢⱼ, lekcha akalizungushia duara jekundu na pembeni akaweka alama moja ya kuuliza, basi. Kumbe kwenye ule mtindo aliouleta Einstein mwaka 1916 wa kutoandika alama ya jumla, indeksi, yaani kile kiherufi cha chini, ikijirudia mara mbili kwenye kipande kimoja maana yake jumlisha, ikijirudia mara tatu umeandika makelele. Mimi nilikuwa naona vile viherufi vya chini ni mapambo tu.

Ila indeksi unazizoea, wiki mbili za kufuta na kuandika upya mkono unajua wenyewe. Kilichonitesa ni definisheni. Madesa yote niliyorithi yanasema tensa ni kitu ambacho komponenti zake (namba zinazokieleza) zinabadilika kama za tensa ukibadilisha koodineti, yaani mistari unayopimia. Sasa jamani, hiyo si sawa na kusema muuza samaki ni yule anayeuza samaki kama wauza samaki? Nikakariri hivyohivyo.

Rumu meti wangu anasoma sivili, siku moja kaniona nimekunja sura juu ya daftari akasema acha hayo mahesabu, leta chaki. Akachukua ya kwanza akaikunja, ikakatika bapa, kama imepitiwa na kisu. Ya pili akaishika kila ncha akaisokota taratibu kama mtu anakamua nguo, ikakatika mshazari, imejizungusha kama skrubu, digrii 45 hivi. Akaniuliza, mbona hii haijakatika bapa kama mwenzake?

Tukageuza karatasi ya asainmenti nyuma. Kwenye uso wa chaki, mstari mmoja ukifuata urefu na mwingine ukikatiza, ile stresi ya kusokota, yaani nguvu za ndani kwa kila eneo, inakaa kwenye matriksi (jedwali la namba) hivi: diagonali ni 0 na 0, pembeni ni 5 na 5, yaani hakuna kuvuta wala kusukuma, ni kukwaruzana tu. Zungusha koodineti digrii 45 uone: pembeni panakuwa sifuri, diagonali inakuja 5 na -5. Upande mmoja unavutwa, mwingine unabanwa, na chaki kwenye kuvutwa haina ubavu kabisa, ndo maana inaachia palepale kwenye mshazari. Jumla ya diagonali ni 0 kabla na 0 baada. Namba zimebadilika zote lakini chaki ni ileile na imesokotwa vilevile, haina habari na mistari niliyochora mimi!!! Nilicheka peke yangu kama chizi. Hicho kisichojali mistari yako ndo tensa, na mwanahisabati Mfaransa Cauchy alishaiona hii ya stresi tangu 1822, hata jina lenyewe halijaanza kutumika hivi.

Baada ya hapo hata yale manamba ya kutisha yakawa na sura. Tensa ya elastisiti, inayoeleza kitu kinavyogoma kuvutwa na kukunjwa, ina komponenti 81, simetria inazipunguza hadi 21, chuma cha kawaida kinabaki na 2 tu, mbao 9, na fundi seremala yeyote atakwambia mbao haifanani upande wa nyuzi na upande wa kukatiza. Tensa ya Riemann, inayopima nafasi ilivyopinda, kwenye dimensheni 4 ina komponenti 256 zinazoshuka hadi 20. Hesabu hizi za tensa Einstein mwenyewe ilibidi asaidiwe na rafiki yake Marcel Grossmann kule Zürich mwaka 1912, akitumia kazi ya Ricci na Levi-Civita ya 1900, kwa hiyo mimi na 11 zangu najisamehe.

Sasa hivi nimekwama kwa alama za Christoffel, zile namba zinazoonyesha mistari ya koodineti inavyogeuka ukitoka sehemu moja kwenda nyingine. Zina indeksi tatu, zimevaa kama tensa, zinatembea na tensa, ila siyo tensa. Kwenye koodineti za kawaida, karatasi bapa, zote ni sifuri, ukihamia polar (unapima kwa umbali r na pembe) ghafla inatokea -r na moja chini ya r. Tensa ikiwa sifuri tupu kwenye koodineti za aina moja ni sifuri kwenye koodineti zote, hiyo nimeshaielewa, lakini hizi sijapata chaki yake bado, na test ya pili ni Alhamisi.